Kinyamwanga Kina Sarufi Gani?

"Kinyamwanga kina sarufi gani?" Niliulizwa swali hilo Tunduma, kwenye kikao cha harusi, na mtu mwenye shahada mbili. Hakuuliza ajibiwe. Watu walicheka, nami nikacheka kidogo kwa adabu, maana kikao cha harusi si mahali pa kugombania viambishi, hasa kama mchango wako bado ni ahadi. Mazungumzo yalianzia kwa kijana mmoja wa chuo kikuu aliyepita vijiji vya Momba na kinasa sauti, akiwauliza wazee wanasemaje "nilikula asubuhi" na wanasemaje "nilikula mwaka juzi". Wenzangu waliona ni kichekesho: usome miaka yote hiyo, uishie kumuuliza bibi wa watu alikula lini.

Kichekesho kile ningekisahau kama kingekuwa cha mtu mmoja. Lakini nimekisikia kwa walimu, kwa maofisa, kwa wazazi, hata kwa watu wanaokipenda Kiswahili kwa dhati. Kiswahili ni lugha, wanasema, na Kiingereza ni lugha. Hivi vingine ni vilugha. Havina sarufi. Na kama vinayo, haina kazi. Na kama ina kazi, basi kazi yenyewe ni kuamsha ukabila. Mtu mmoja huyazungumza yote matatu kwa pumzi moja, wala hashtuki kwamba kitu kisichokuwepo hakiwezi kuwa hatari kwa taifa.

Nianze na majina, kwa kuwa Tunduma huhitaji kufungua kitabu ili uyaone. Kwa Wanyamwanga na baadhi ya jirani zao, mwanamume wa ukoo anaitwa Simukonda na dada yake, baba mmoja mama mmoja, anaitwa Namukonda. Shina ni moja. Si- ni ya kiume, Na- ni ya kike. Vuka mpaka kidogo, uingie Zambia, uwasikilize Wabemba: baba wa Mwape wanamwita kwa Shi- na mama wa Mwape kwa Na-. Kiswahili, pamoja na utajiri wake wote, hakina kiambishi cha kutenga kike na kiume namna hiyo. Sasa mpeleke Namukonda akaandikishwe mbali na Songwe. Karani anatazama jina la baba, anatazama jina la binti, kisha anauliza kwa sauti ya mpelelezi: huyu ni wa kumzaa? Nimeliona likitokea katika ofisi moja, na mzee aliyeulizwa alikosa la kusema, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alichonacho mdomoni kina jina la kitaalamu. Siku hizi utakutana na akina dada wengi walioandikwa Si-. Fomu imeishinda sarufi.

Utaniambia hiyo ni mila, si sarufi. Basi nieleze tofauti. Mwalimu akiandika ubaoni m-tu, wa-tu, akasema kiambishi kimebadilika, shina limebaki na maana imegeuka kwa kanuni, tunaita sarufi. Bibi wa Momba akifanya hivyohivyo bila chaki, tunaita mila.

Lakini majina ni mlango tu. Twende sokoni, kwenye kuku.

Tunduma ni mji ambao kuku mmoja anaweza kuuzwa kwa lugha tatu kabla ya saa nne asubuhi. Mama wa Kibemba aliyevuka kutoka Nakonde atamwita *inkoko*. Mnyakyusa aliyeshuka na basi la Tukuyu atamwita *inguku*, na akiandika kwa herufi za kwao ataikata u yake kistari, kwa kuwa Kinyakyusa kina irabu saba wala si tano. Wewe na mimi tunasema kuku. Mnunuzi anaona maneno matatu yanayofanana. Mwanaisimu anaona mnyama yuleyule katika hatua tatu za kuvuliwa nguo: irabu tangulizi i-, halafu nazali ya ngeli n-, halafu shina. Kiswahili kimeivua irabu ile kila mahali, ndiyo maana tunasema mtu pale Mbemba anaposema *umuntu* na Mnyakyusa anasema *umundu*. Nazali nayo kimeivua mahali fulani na kuibakiza mahali fulani. Mbuzi anayo. Ndizi inayo. Ngoma inayo. Kuku hana, pembe haina.

Kwa nini? Hili ndilo swali ambalo mwanafunzi wa sekondari hujibiwa kwa kuambiwa akariri. Ulimi, ndimi. Ubavu, mbavu. Sawa. Lakini ukuta ni kuta, si nkuta. Upande ni pande, si mpande. Mwalimu husema ni maneno yasiyofuata kanuni, kisha hufuta ubao. Yanafuata, mwalimu! Nazali ilibaki mbele ya sauti ghuna, b na d na g, ikadondoka mbele ya p na t na k. Kanuni moja inalala chini ya kuku, pembe, kuta na pande, wala huioni mpaka uwe umemsikia mama wa Nakonde akisema *inkoko*, na n yake imekaa palepale ilipodondoka yetu. Watu wa Mombasa bado wana kovu la jeraha hilo: paa yule mnyama wanamtamka kwa pumzi, paa la nyumba wanalitamka bila pumzi, na pumzi ile imekalia nafasi ya nazali iliyokwenda. Sisi wa bara tumepoteza hata pumzi.

Nimekaa sana kwenye kuku kwa makusudi. Wanaosema utafiti wa lugha hizi ni kukipunja Kiswahili hawajui kwamba Kiswahili ndicho kinachokula matunda yake. Miaka nenda rudi watu wamedai kwamba lugha yetu ni mseto wa Kiarabu uliopikwa pwani. Tunapowajibu kwamba ni Kibantu kwa mfupa na kwa mshipa, ushahidi tunautoa wapi? Hatuutoi kwenye Kiswahili peke yake. Mtu hathibitishi ukoo wake kwa kujitazama kwenye kioo. Tunautoa kwa ndugu: ngeli za Kinyiha, viambishi vya Kindali, irabu za Kinyakyusa. Halafu tukishautumia ushahidi huo na kesi ikaisha, tunawageukia mashahidi na kuwaambia hawana lugha.

Sasa nirudi kwa kijana na kinasa sauti chake. Swali lake lililochekesha kikao kizima ndilo swali zito kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, pamoja na lile la bei ya ukumbi. Kiswahili Sanifu kinatumia -li- ileile kwa kilichotokea asubuhi na kwa kilichotokea mwaka 1985: nilikula. Kindali cha Ileje, kama walivyo ndugu zake wengi wa Kibantu, kinapima umbali ndani ya kitenzi chenyewe. Cha leo na cha zamani havivai vazi moja. Imani Swilla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliziandikia makala njeo za Kindali mwaka 1998, na hakuwa anacheza. Fikiria shahidi mzee mahakamani, anaeleza kwa lugha yake jinsi alivyopigwa. Ndani ya kitenzi ameshasema ni lini. Mkalimani anageuza kwa -li- tupu, na hakimu amepoteza kitu kabla hajashika kalamu. Kisha shahidi anaulizwa, "Ilikuwa lini?" Anashangaa, kwa kuwa amekwisha kusema. Anaonekana anababaika.

Darasani ni hivyohivyo. Lugha kadhaa za ukanda huu, Kinyakyusa kikiwa mfano wa karibu, hazitofautishi l na r. Mtoto anaandika "laha" akikusudia raha, anapata kalamu nyekundu na labda kicheko. Mwalimu aliyetoka mkoa mwingine anadhani anapambana na uzembe. Angepewa kurasa mbili tu zinazoeleza lugha ya nyumbani kwa watoto wake ina sauti zipi na haina zipi, angejua la kufundisha Jumatatu na la kuacha. Kurasa hizo zinaweza kuandikwa. Nyingine zimeshaandikwa zamani, ila zimehifadhiwa mahali ambapo mwalimu wa Vwawa hafiki.

Hapa ndipo hasira yangu inapoanzia. Mtu akisema lugha hizi hazina sarufi, historia inamsuta. Mwaka 1900 matbaa ya misheni ya Livingstonia ilichapa hadithi za Kinyamwanga zilizokusanywa na Emmeline Dewar. Wamoraviani Wajerumani walianzisha misheni ya Mbozi mwaka 1899, na mmoja wao, Traugott Bachmann, alilitafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hakuna anayetafsiri nyaraka za Paulo kwa lugha isiyo na kanuni. Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu alizipa herufi na namba kama magari: Kiwanda M21, Kinyamwanga M22, Kinyiha M23, Kimalila M24, Kisafwa M25. Mwaka 1960 Joseph Busse alitoa kitabu kizima kuhusu lugha ya Wanyiha. Kilichapwa wapi? Berlin ya Mashariki, kwa Kijerumani, mwaka mmoja kabla ukuta haujajengwa. Mwaka 2008 Robert Botne alitoa muhtasari wa sarufi ya Kindali, ukachapwa Philadelphia, na Kindali chenyewe ni cha upande wa Malawi. Mwaka 2017 Bastian Persohn alitoa kitabu kinene kuhusu kitenzi cha Kinyakyusa, kitenzi peke yake, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kukipakua bure.

Kwa hiyo Berlin inajua. Philadelphia inajua. Martin Walsh na Imani Swilla walipokagua mwaka 2001 tafiti zote za ukanda huu, kusini-magharibi mwa Tanzania, kaskazini-mashariki mwa Zambia na kaskazini mwa Malawi, makala yao ilitoka katika jarida la Tokyo. Basi Tokyo nayo inajua. Anayeuliza "sarufi gani?" amekaa kilomita chache tu kutoka kwa wenye sarufi hiyo.

Mkoa wetu wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016, una fahari moja ambayo kila mgeni hupelekwa kuiona: Kimondo cha Mbozi, jiwe la chuma la tani nyingi lililotoka angani. Vitabu vinasema kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi wa kizungu, kana kwamba wenyeji walikuwa wakilizunguka kila siku bila kuliona. Leo lina uzio, lina kibao, lina kiingilio. Silionei wivu jiwe. Nasema tu kwamba tumeweka uzio kwa kilichodondoka, na kilichoota hapahapa tunakiita kilugha.

Tufike kwenye ukabila, maana hapo ndipo wengi hujificha baada ya hoja nyingine kuwaishia. Wanasema: Mwalimu Nyerere alituunganisha kwa Kiswahili, msituletee tena Kinyiha na Kindali. Mwalimu huyohuyo, mwaka 1955, baada ya kuacha kazi Pugu kwa ajili ya siasa, alirudi Musoma na kwa muda akawa anamfundisha Kizanaki padri wa Maryknoll na kumsaidia kutafsiri. Haikumzuia kuongoza TANU. Na Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997, waraka wa serikali yetu wenyewe, inataka jamii ziendelee kuzitumia na kujivunia lugha zao za asili, na inahimiza uandishi wa kamusi na vitabu vya sarufi vya lugha hizo. Vitabu vya sarufi, umeandikwa hivyo. Ofisa anayemwona mtafiti wa sarufi kama mchochezi hajasoma sera ya mwajiri wake.

Wanaodhani lugha ikinyamazishwa umoja hukua, watazame mbali kidogo, kwa Wakurdi. Hao wamegawanywa na mipaka ya Uturuki, Irani, Iraki na Siria kama Wanyamwanga walivyogawanywa na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Kwa miongo mingi Uturuki iliwaita Waturuki wa milimani na kusema lugha yao si lugha, ni Kituruki kilichoharibika. Sarufi inasema vingine kabisa. Kikurdi ni jamaa wa Kiajemi. Na katika lahaja yake ya Kikurmanji, ukisimulia jambo lililopita, kitenzi kinaacha kupatana na mtenda na kupatana na kitendwa, kama vile sisi tungesema "mimi vitabu vilisoma". Kituruki hakina kitu cha namna hiyo. Padri Maurizio Garzoni alikwisha kuchapa sarufi ya Kikurdi huko Roma mwaka 1787. Lakini mwaka 1983 serikali ya Ankara ilipitisha sheria namba 2932, ambayo bila kulitaja neno Kikurdi iliizuia lugha hiyo, na haikufutwa mpaka 1991. Je, walipata umoja? Mwaka mmoja baada ya sheria hiyo, 1984, vita ya msituni ilianza. Siwezi kusema sheria ya lugha peke yake iliwasha moto ule. Sababu zilikuwa nyingi. Ila haikuuzima. Na sarufi ya Kikurmanji aliyoiandika Celadet Bedirxan pamoja na Mfaransa Roger Lescot ilikuja kutolewa Paris mwaka 1970, mwandishi akiwa ameshakufa uhamishoni Siria.

Bedirxan alifukuzwa kwao ndipo sarufi yake ikachapwa ugenini. Sisi hatujamfukuza mtu. Ya kwetu imekwenda ugenini kwa kupuuzwa tu, bila sheria wala askari.

Na mpaka wetu una mzaha wake. Mtoto wa Kinyamwanga wa Nakonde akienda shule anakutana na Kibemba, kwa kuwa Zambia ina lugha saba za mikoa zinazotambuliwa shuleni na Kinyamwanga hakimo. Binamu yake wa Tunduma, anayeweza kumrushia mpira juu ya mstari, anakutana na Kiswahili. Kila mmoja anaambiwa kwa namna yake kwamba lugha ya bibi yao si ya darasani. Wakikutana kwenye msiba, bibi yuleyule ndiye anayewaunganisha, na si kwa Kibemba wala kwa Kiswahili.

Sitawapaka mafuta watafiti. Wapinzani wangu wana jambo moja la kweli, ingawa hawalisemi vizuri: mtafiti huja, hurekodi, huondoka. Bibi wa Momba anabaki na soda aliyonunuliwa. Tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza kizito, inafungwa jalada gumu, inawekwa rafu ya juu maktabani. Nimesoma mojawapo kuhusu lugha ninayoisikia tangu utotoni, na ilinibidi niwe na kamusi ya isimu pembeni ili nielewe nilichokuwa nakisema mwenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilionyesha kwamba inawezekana vingine: Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza mwaka 2001 kwa msaada wa Sweden, ulitoa mwaka 2009 *Atlasi ya Lugha za Tanzania*, kwa Kiswahili, na humo lugha zetu zimehesabiwa kufikia takriban 150. Hapo mtu wa kawaida anaweza kufungua na kujiona kwenye ramani. Ramani ni mwanzo mzuri, ila haikuambii nazali ya kuku ilikwenda wapi. Ninachodai kwa wanaisimu ni hicho kilichobaki: sarufi ndogo za lugha hizi, kwa Kiswahili chepesi, zifike kwenye vituo vya walimu Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Kama fedha za kwanza zilitoka Stockholm, za kuchapa kijitabu cha kurasa 60 zinaweza kutoka hapa. Halmashauri inayokusanya ushuru wa malori yale yote yaliyopanga foleni hadi nje ya mji haiwezi kuniambia haina bei ya karatasi.

Na iwe mapema. Watoto wa Tunduma mjini wanakua na Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku. Sina ugomvi na hilo, ni lugha yangu pia na ndiyo ninayoandikia. Lakini bibi anayepima jana na juzi ndani ya kitenzi hatakuwepo kumsubiri mtafiti apate ruzuku.

Nimebakiza jambo moja la kikao kile. Baada ya kicheko, katibu alipitisha mfano wa kadi ya mwaliko tuuhakiki. Ulizunguka meza nzima. Wengi walitazama tarehe na ukumbi, wakaupitisha. Ulipofika kwa yule mwenye shahada mbili, aliusoma, akakunja uso, akaomba kalamu. Jina la ukoo la bibi harusi lilikuwa limechapwa na Si-. Alikata herufi mbili, akaandika Na- juu yake, akamrudishia katibu.

"Huyu ni binti," alisema, kisha tukaendelea na bei ya ukumbi.